Dunia Ukubwa wa Chungwa

Simu kutoka Voi ilimkuta Nyamizi Kasoga juu ya ngazi, brashi mkononi, akipaka rangi dari ya ukumbi wa harusi mjini Dodoma. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Mhandisi Mwakio wa Shirika la Safari za Mbali, akamwamkia, kisha akaeleza shida yake bila kupumzika. Walikuwa wanajenga chombo cha kupeleka watu thelathini na wawili kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali. Miaka mitatu kwenda, mmoja wa kukaa, mitatu kurudi. Injini ilikuwa tayari na ganda lilikuwa tayari, lakini ndani kulikuwa kutupu kama bomba. Basi waliwaomba wasafiri waandike, kila mmoja peke yake, wangependa kuishi mahali pa namna gani. Ishirini na saba kati yao waliandika jambo moja: ndani ya chombo cha kwenye tamthilia ya Abiria wa Zohali.

Nyamizi alishuka ngazi taratibu, akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa. Alimwambia yule kijana kwamba chombo kile kilikuwa cha plaiwudi.

“Tunajua, Mama,” Mwakio alijibu. “Hicho hicho ndicho wanachokitaka.”

Tamthilia hiyo ilirushwa kwa miaka sita, robo karne nyuma, na yote ilipigwa ndani ya ghala la zamani la alizeti. Nyamizi ndiye aliyejenga seti. Mwanzoni mwongozaji alimletea rundo la picha za vyombo vya anga kutoka filamu za nchi nyingine. Vingine vilikuwa vyeupe pe, kuta laini bila hata msumari, kama ndani ya jokofu. Vingine vilikuwa giza na mabomba yanayovuja mvuke. Nyamizi alizitazama zote kwa heshima, akauliza swali moja ambalo lilimchekesha kila mtu: humu mtu anatundika wapi kanga yake?

Baba yake alikuwa gadi wa treni kati ya Tabora na Kigoma, na utotoni alisafiri naye kila likizo. Alichojua kuhusu watu wanaokaa pamoja siku nyingi ndani ya chuma kinachokwenda, alikijua kutoka behewa la daraja la pili. Kwa hiyo chombo chake kilipata vyumba vya vitanda sita vinavyokunjwa ukutani, sinki lenye kifuniko kinachogeuka meza, kulabu za shaba, na ujia mrefu wa upande mmoja ambamo watu wawili hawawezi kupishana bila kusalimiana. Jiko lilikuwa la duara, kama nyumba ya msonge ya bibi yake kule Ndala. Vitufe vya marubani vilikuwa vizibo vya soda. Kuta za chumba cha injini zilikuwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya kijivu. Na kwenye ukumbi wa kulia chakula aliweka dirisha kubwa. Nyuma yake palikuwa na kitambaa cheusi kilichotobolewa kwa sindano ya magunia, taa ikiwaka nyuma ya matundu, na Dunia ilikuwa ungo uliopakwa rangi ya buluu, unaovutwa kwa mnyororo wa baiskeli.

Aliwaachia wanafunzi wake ile dari ya harusi, akaenda Voi.

*

Chombo cha mfano, chenye ukubwa ule ule wa kile kilichokuwa kinaunganishwa angani, kilijengwa ndani ya banda refu nje ya mji. Kwa miezi saba Nyamizi hakumbuki siku aliyoamka akiwa mvivu. Mwakio alikuwa Mtaita mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio na nyingine aliyoisahau nyuma ya sikio la pili, na kila alichoomba Nyamizi alikipima kwanza, akaenda kukokotoa, akarudi anacheka. Kulabu za shaba zilikubalika. Shaba huua vijidudu. Ujia mwembamba ulikubalika. Uliokoa nafasi ya tangi la maji. Trei za mayai zilimshangaza kuliko vyote. Alizitengeneza upya kwa povu la alumini, akapiga kelele za injini kutoka kwenye spika, akagundua kwamba vile vishimo vinameza sauti vizuri kuliko kifaa walichokuwa wameagiza. Siku hiyo alimpigia mkewe simu kumsimulia habari za trei.

Kikwazo kilikuwa dirisha. Ganda la chombo lilikuwa na tabaka la maji lenye unene wa karibu mita moja, la kuzuia mionzi, na kwenye ukuta wa namna hiyo huwezi kutoboa dirisha la ukumbi wa kulia chakula. Isitoshe, chombo kilizunguka kama pia ya watoto ili watu wapate uzito, na ukitazama nje kwa macho yako utaona nyota zinazunguka mpaka utapike. Dirisha la kweli lilikuwa moja tu, tundu la kioo kinene upana wa sahani, kule katikati kabisa ya chombo ambako mzunguko hausumbui. Marubani walilitumia kupimia nyota na lilikuwa na kifuniko chenye kufuli.

Kwa hiyo ukumbini waliweka kioo mwigo, skrini inayoiga dirisha. Mwakio alipomwonyesha mara ya kwanza, Nyamizi aliinama kushoto, na Dunia ikasogea kushoto pamoja naye nyuma ya fremu, kama inavyosogea kitu cha kweli nje ya dirisha la kweli. Alipiga hatua mbele, akaona mbali zaidi pembeni. Kioo kilifuata jicho la kila mtu aliyekitazama na kumpa mwonekano wake mwenyewe. Nyamizi, aliyewahi kuvuta Dunia kwa mnyororo wa baiskeli, alisimama pale kama robo saa, akiinama huku na huku. Kisha akamwambia Mwakio kwamba angekuwa nacho wakati ule, wasingemaliza tamthilia. Angebaki anachezea dirisha.

*

Daktari Arafa Shamte alikuja kumwona wakati fremu ya dirisha inapakwa vanishi. Alikuwa daktari wa akili wa safari nzima, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, asiyekaa mpaka akaribishwe. Alileta mchoro.

Chombo kitakwenda zaidi ya kilomita milioni moja kwa siku, alieleza. Kufika siku ya arobaini, Dunia haitakuwa na umbo tena. Itakuwa nukta kati ya nukta. Yeye alitaka dirisha lisionyeshe hivyo. Alitaka siku ya arobaini Dunia iwe bado ukubwa wa chungwa lililoshikwa mkononi. Baada ya miezi sita iwe ndimu. Mwaka wa pili iwe punje ya njugu. Ipungue polepole, mtu asishtuke. Wasafiri wasiambiwe, maana wakiambiwa haitafanya kazi. Nahodha pia asiambiwe. Alichohitaji kwa Nyamizi ni jicho lake: rangi ya buluu iliyofifia kiasi, kivuli kikae wapi, ili chungwa lile liaminike.

Nyamizi aliuliza kama hilo si uongo.

“Dada Nyamizi, tayari tunadanganya,” Arafa alisema. “Nyota kule nje zinazunguka, sisi tumezituliza.”

Nyamizi alijibu kwamba hilo limeandikwa kwenye kibao mlangoni na kila mtu amelisoma. Arafa alikubali. Kisha akamsimulia habari za mtu aliyeitwa Tindwa.

Tindwa alikuwa fundi wa maji kwenye safari iliyotangulia, ya kwenda kwenye mawe makubwa yanayozunguka baada ya Mirihi. Alikuwa mcheshi, mpiga gitaa. Siku Dunia ilipogeuka nukta alitazama skrini muda mrefu, na kuanzia siku hiyo alikula nusu ya chakula chake, halafu robo. Alirudi na kilo arobaini na moja. Arafa ndiye aliyempokea kwenye ngazi za chombo, akambeba mikononi bila kusaidiwa. Mpaka leo Tindwa hapendi kutoka nje ya nyumba yake.

“Sitaki kubeba mwingine,” Arafa alisema.

Nyamizi aliomba kalamu. Alitia saini karatasi ya kutunza siri, na kwa siku nne alichanganya rangi za buluu. Chungwa lilipokuwa tayari lilipendeza mno. Mafundi walipita wakilitazama na kutabasamu bila kujua kwa nini. Naye alijua kwamba ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mkono wake, na bado kila alipolipita alijikuta anatazama chini.

*

Mwakio ndiye aliyemletea ripoti ya majaribio, bila nia mbaya, akidhani ameshaisoma. Mwaka uliopita watu kumi na wawili walikuwa wamefungiwa humo humo bandani kwa siku sitini, dirisha la mwanzo la Arafa likiwaka, wakiambiwa kwamba wanaona hasa kile ambacho msafiri angekiona. Waliishi vizuri, walikula na kulala vizuri. Ukurasa wa kumi na tisa ulizungumzia mmoja wao, Mwalimu Ndegeya, aliyefundisha fizikia shule ya sekondari huko Ngara.

Siku ya hamsini Mwalimu Ndegeya alipima upana wa Dunia dirishani kwa kutumia kidole gumba na rula, akafanya hesabu. Hesabu ikamwambia kwamba hawajafika hata nusu ya njia ya kwenda Mwezini. Daftari la safari hiyo ya kuigiza lilisema kilomita milioni sitini. Alirudia mara tatu. Akauliza wasimamizi, wakamjibu kwamba dirisha liko sawa. Alichana karatasi zake. Siku iliyofuata aliomba apumzishwe kazi ya kugawa dawa za wenzake, kwa sababu, alisema, kichwa chake hakiaminiki tena na asingependa kumuumiza mtu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: mshiriki alilikubali dirisha.

Nyamizi alisoma ukurasa huo akiwa amesimama, akausoma tena amekaa. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia yule mwalimu kwamba alikuwa sahihi. Mwakio alitafuta kwenye ripoti mpaka mwisho. Hakuna aliyemwambia.

Wasafiri walikuwa wanakuja kukagua chombo chao siku iliyofuata. Asubuhi hiyo Nyamizi alikwenda ofisini kwa Arafa kabla ya chai, akamwambia kwamba atawaeleza habari za dirisha. Arafa alimkumbusha ile saini. Akisema, mkataba unavunjika, na jina lake litaondolewa kwenye kazi yote, hata kulabu.

“Liondoke,” Nyamizi alisema. “Miaka arobaini kazi yangu ni kudanganya macho ya watu, na siionei haya. Lakini waliokuwa wananitazama walikaa nyumbani kwao. Filamu ikiisha wanazima, wanatoka nje. Hawa hawana nje. Wakianza kutilia shaka akili zao watakwenda wapi?”

Arafa aliweka mikono juu ya meza. Alisema tu kwamba na yeye atakuwepo.

*

Wasafiri walifika kwa mabasi mawili, na kwa saa nzima ya kwanza hakukuwa na mkutano wowote, kulikuwa na sherehe tu. Watu wazima, madaktari na wakulima na mafundi wa umeme, walikimbizana kwenye ujia. Walikunja vitanda na kuvikunjua. Mpishi wa safari, Mpemba mnene aliyeitwa Kombo Faki, aliingia kwenye jiko la duara, akasimama katikati, akanyoosha mikono na kugusa kila alichohitaji bila kuinua mguu, na akatangaza kwamba hatoki.

Nahodha Adongo Ogweno, mwanamke mrefu kutoka Mbita, alikwenda moja kwa moja chumba cha injini. Nyamizi alimkuta ameweka kiganja ukutani. Adongo alimwamkia kwa kuinama kidogo, akasema kwamba Kiswahili chake kizuri alikipata kwenye ile tamthilia. Nyamizi alitania kwamba tangu wakati huo anadaiwa radhi na watoto waliodhani zile ni mashine za kweli.

“Mama yangu aliuza mayai,” Adongo alisema. “Trei za mayai nilizijua siku ya kwanza. Nilipiga ukelele nyumba nzima wakaja kutazama. Ndiyo sababu niliipenda. Nilijua kuna mtu mahali fulani ameichukua trei kama ya mama yangu akaifanya injini.”

Nyamizi alimwomba awaite wote ukumbini.

Dunia ilikuwa dirishani, buluu, ukubwa wa chungwa, na watu waliingia wakiitazama mmoja mmoja. Nyamizi aliwaambia kwamba hiyo ni kazi ya mkono wake na kwamba ndivyo watakavyoiona siku ya arobaini, lakini kwamba Dunia yenyewe siku hiyo haitakuwa hivyo. Kabla hajaendelea, Arafa alisimama. Aliwaeleza yote mwenyewe, mpango wake na sababu zake. Aliwaeleza habari za Tindwa, na sauti yake ilikatika alipofika kwenye ngazi za chombo. Kisha akawaeleza pia habari za Mwalimu Ndegeya, na hapo hakujitetea.

Fundi mmoja wa umeme alisema kwa hasira kwamba yeye si mtoto. Wengine waliitikia. Adongo aliinua mkono, akamwomba Mwakio aonyeshe siku ya arobaini kama ilivyo.

Chungwa lilitoweka. Dirisha lilijaa weusi na nyota nyingi zisizo na idadi, na hakuna aliyeiona Dunia.

Walisogea. Mmoja alinyoosha kidole, akasema ni ile. Mwingine akasema hiyo ni Zuhura. Muuguzi aliapa ni ile ya juu kushoto, yenye weupe. Kombo Faki alipanda juu ya benchi na kuchagua yake, na akaulizwa anajuaje, akasema inanukia karafuu. Watu walianza kucheka. Waligawanyika makundi, wakabishana, wakabanana mabega, na Mwakio, aliyekuwa na jibu kwenye kishikwambi chake, alitikisa kichwa kila walipomtazama. Wote walikuwa wamekosea. Hatimaye yule fundi wa umeme, aliyekuwa bado amenuna pembeni, aliiona chini kabisa karibu na fremu, cheche ndogo ya buluu yenye nukta hafifu zaidi kando yake, ambayo ni Mwezi. Alisema, “Hii hapa,” taratibu, kama mtu aliyepata pete iliyopotea. Watu thelathini na wawili waliinama kuitazama.

Arafa alikuwa akiwatazama wao. Baadaye alimwambia Nyamizi kwamba alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kicheko.

Kombo ndiye aliyerudi kwenye habari ya Tindwa. Alitaka kujua yule bwana alikuwa anakulia wapi. Arafa alifikiri, akasema chombo kile hakikuwa na ukumbi. Kila mtu alipewa pakiti zake, akala kwenye zamu yake. Kombo aliuliza kama alikuwapo mtu wa kumwona anaacha chakula. Hakuwapo. Waligundua kwa mizani.

“Basi si nukta peke yake,” Kombo alisema.

Nyamizi alitazama ukuta uliokuwa chini ya dirisha. Upande wa pili wake lilikuwa jiko. Alichukua chaki mfukoni, akapiga magoti, akachora mstatili mpana wa mikono miwili, akamwuliza Mwakio kama kuna bomba hapo. Mwakio alikokotoa. Hapakuwa na bomba. Msumeno ulikuja, na watu wakaziba masikio huku wanacheka, na kabla ya saa nane mchana ukuta ulikuwa na tundu la kutolea chakula, lenye kizingiti cha mbao. Kombo alitoa kichwa chake na mkono mmoja, mkononi ana mahindi ya kuchemsha, akinadi kama wachuuzi wanavyonadi treni inaposimama stesheni. Watu walipanga foleni. Kila aliyepokea ilibidi ainame kidogo na kumtazama mpishi usoni, na mpishi amtazame yeye.

Wakiwa wanakula waliamua mambo mengine. Kile kidirisha cha kweli cha marubani kifunguliwe kufuli, kila mtu apewe dakika zake. Kioo mwigo kionyeshe ukweli, isipokuwa siku za Ijumaa, ambapo watapiga kura waone wanachotaka, bahari au soko la Kariakoo au ungo wenye rangi ya buluu, ilimradi kila mtu ajue. Adongo aliandika barua kwa shirika kwamba Nyamizi akiondolewa kwenye kazi nao hawaendi, na wote wakatia saini chini ya jina hilo. Shirika lilitafakari wiki mbili, likaona kwamba kumfukuza mmoja kungemaanisha kuwakosa thelathini na wawili, likanyamaza.

Kabla ya jioni Arafa alipiga simu Ngara. Nyamizi alikuwa kando yake, maana Arafa alimwomba asiondoke. Alimweleza Mwalimu Ndegeya kwamba hesabu yake ya siku ya hamsini ilikuwa sahihi mara zote tatu, kwamba dirisha ndilo lililokosea na yeye Arafa alijua, akamwomba radhi. Kisha mwalimu akauliza kama anaweza kutumiwa hilo kwa maandishi, alibandike kwenye ubao wa darasa.

*

Chombo kiliondoka mwezi wa Juni. Siku ya arobaini Nyamizi alikuwa Dodoma, akifundisha wanafunzi wake namna ya kuzeesha mbao mpya kwa chai ya rangi, wakati Arafa alipompigia. Ujumbe ulikuwa umeingia kutoka kwa Nahodha Adongo, naye alitaka kuusoma kabla hata ya kuupeleka kwa wakubwa wake.

Asubuhi ile walikwenda kwenye kidirisha kwa zamu, mmoja mmoja, Adongo aliandika. Wengine walikaa dakika zao zote, wengine waliitafuta wasiione ikabidi waonyeshwe. Mkulima mmoja alilia na akashikwa mkono hadi ukumbini. Kombo alikuwa amepika wali wa nazi na samaki mkavu aliyekuwa amemficha tangu Voi. Walikula kwa kelele nyingi, na ndio kwanza wanaosha vyombo.

Nyamizi alimsikia Arafa akigeuza ukurasa.

“Ameniandikia idadi,” alisema. “Sikumwomba, ameandika mwenyewe. Sahani thelathini na mbili zimetoka jikoni, dada yangu. Thelathini na mbili zimerudi, na zote ni tupu.”